Kituo cha zimamoto cha enzi za mkoloni: tukibomoe au tununue magari?

SWALI: Kaunti yetu imetuita kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu kujenga upya kituo cha zimamoto. Kilichopo kilijengwa kabla ya Uhuru, kiko katikati ya mji mkabala na stendi ya matatu, kuta zina nyufa, na magari mawili kati ya matatu hulala nje kwa sababu hayaingii mlangoni. Tumeonyeshwa picha ya jengo la ghorofa tatu, lina vioo na ukumbi wa mikutano. Vijana wanasema huo ni ubadhirifu, bora pesa zinunue magari. Wazee nao wanasema jengo ni historia, lisiguswe. Mimi ni mwalimu mstaafu na wadi yetu imenituma niwasemee. Nisimame upande gani?
Mwalimu, mji mmoja wa pwani, Kenya

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Simama upande wa kujenga, lakini mchoro ule usiupitishe. Kituo kinacholaza magari nje kwa kuwa mlango hautoshi kimekwisha kazi yake, hilo halina mjadala. Ila mlichoonyeshwa, kwa jinsi ulivyokieleza, ni ofisi iliyoachiwa nafasi ya magari chini yake. Na hata jengo lingekuwa zuri namna gani, kabla ya jengo kuna kiwanja. Mimi ningekaa kwenye kiwanja kikao kizima kabla sijaangalia picha yoyote.

Tuanze na moto wenyewe. Maabara ya UL ya Marekani, inayopima usalama wa bidhaa, iliwahi kuchoma vyumba viwili vya kukalia, kimoja kikiwa na samani za zamani za mbao na pamba, kingine na makochi ya sponji na mapazia ya nailoni kama tunayonunua siku hizi. Chumba cha zamani kilichukua karibu nusu saa kabla ya kulipuka chote kwa moto. Cha kisasa hakikufika dakika 5. Hapo bado sijasema paa la makuti wala kibanda cha mabati kilichojengwa ukuta kwa ukuta na cha jirani. Kwa hiyo kazi ya kituo, ukiondoa mapambo yote, ni kufupisha muda kati ya simu kulia na maji kutoka kwenye mpira.

Muda huo una vipande vitatu: kupokea simu na kujua moto uko wapi, watu kuvaa na gari kutoka getini, kisha safari. Shirika la kujikinga na moto la Marekani, NFPA, ambalo kanuni zake hazitubani kisheria lakini wahandisi wengi duniani huzitumia kama rula, linataka gari liwe limetoka ndani ya sekunde 80 baada ya wito wa moto, na gari la kwanza lifike ndani ya dakika 4 za safari. Sekunde 80 ni kazi ya jengo na mazoezi. Dakika 4 ni kazi ya kiwanja na barabara.

Sasa chukua kalamu, Mwalimu. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hukata nusu kilomita kila dakika, kwa hiyo dakika 4 ni kilomita 2. Msongamano ukiliteremsha hadi kilomita 15 kwa saa, dakika zile zile zinakupa kilomita 1 tu. Wengi husema basi, tumepoteza nusu. Hapana. Eneo ambalo kituo kinaweza kulifikia kwa wakati linapungua hadi robo, kwa sababu eneo huenda na mraba wa umbali. Watoto wako wa darasa la saba wangelithibitisha hilo ubaoni. Maana yake ni kwamba kituo kilicho mkabala na stendi ya matatu, saa kumi na moja jioni, kinalinda robo ya mji kinaodhaniwa kuulinda. Robo tatu nyingine zinalindwa na majirani wenye ndoo.

Nairobi wanalijua hili. Kituo chao kikuu kiko Tom Mboya Street tangu zama za mkoloni, enzi barabara hiyo ikiitwa Victoria Street na magari yakihesabika. Leo ni mojawapo ya barabara zilizojaa matatu, mikokoteni na wachuuzi kuliko zote nchini. Gari la zimamoto likiwasha king'ora pale, matatu haina hata pa kupishia. Kaunti imejenga vituo vingine nje ya katikati, Waithaka kikiwa kimoja, na huo ndio mwelekeo sahihi: badala ya kukarabati moyo wa mji peke yake, unatawanya magari.

Lakini usije ukaambiwa kwamba ukaribu ukishapatikana mambo yamekwisha. Supamaketi ya Nakumatt Downtown ya Nairobi, iliyoungua tarehe 28 Januari 2009 na kuua watu wapatao 29, ilikuwa Kenyatta Avenue, mwendo wa miguu tu kutoka kituo hicho cha Tom Mboya. Dar es Salaam, soko la Kariakoo liliwaka usiku wa tarehe 10 Julai 2021 na jengo lake kuu likaharibika vibaya, ilhali kituo kikubwa cha zimamoto kiko hapo Morogoro Road, karibu kiasi kwamba hata kituo cha mabasi ya mwendokasi kinaitwa Fire. Soko la Gikomba la Nairobi nalo, ambako moto wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15, njia zenyewe za ndani ya soko zimemezwa na vibanda. Gari linaweza kufika ukingoni na kuishia hapo. Ukaribu ni sharti la kwanza. Nyuma yake kuna maji, kuna njia, kuna watu wanaojua kazi.

Pwani tuna ugumu wetu mwingine, na sijui kama waliochora jengo lenu wameufikiria. Mombasa ni mfano mzuri. Kisiwa kimeunganishwa na bara kwa Makupa upande wa magharibi, daraja la Nyali upande wa kaskazini, na kivuko cha Likoni upande wa kusini. Gari la zimamoto haliwezi kuomba feri isubiri. Mtu anayepanga vituo Mombasa kwa kuchora duara kwenye ramani atapaka rangi Likoni na kuihesabu imelindwa, kumbe baina yake na kituo pana mkono wa bahari. Mji wa namna hiyo huhesabiwa ng'ambo kwa ng'ambo, kila upande na gari lake. Mji wa Kale nao una vichochoro ambavyo lori la tani 20 halipiti hata ukilibembeleza; pale unahitaji gari dogo lenye pampu, pikipiki, na mipira mirefu iliyowekwa ndani ya mtaa wenyewe. Lamu, ambako njia kuu ni ya punda na mikokoteni, wazo la kituo kikubwa chenye malori halina maana kabisa. Kama mji wenu una kijito, reli au daraja moja tu la kuingilia, uliza: likifungwa, nusu ya pili ya mji inazimiwa moto na nani?

Ndiyo maana, kwa pesa zile zile, mimi ningejenga vituo viwili vidogo kabla ya kimoja kikubwa. Kimoja kiwe nje kidogo ya katikati, kwenye barabara kuu, upande ambao mji unakua. Kingine kiwe kidogo kabisa: gari moja, wazima moto wa zamu moja, choo, jiko na bweni, kibaki karibu na soko. Ukumbi wa mikutano unaweza kusubiri. Sijawahi kuona moto uliozimwa na ukumbi.

Na kile kiwanja cha zamani? Hapa naomba uwe mkali. Ni ardhi ya umma, iko katikati ya mji, mkabala na stendi. Kila mwenye pesa anaimezea mate. Nchi hii tumeona viwanja vya shule na hospitali vikipata wenyewe ghafla. Mradi wa kuhamisha kituo unaweza kuwa mlango wa kunyakua kiwanja. Kabla hujaunga mkono jambo lolote, taka iandikwe kwenye mradi wenyewe kitatumikaje na kitabaki kwa nani, na uombe kuonyeshwa hatimiliki. Kama hakuna hatimiliki, na vituo vingi vya zamani havina, basi iwe ya kwanza kushughulikiwa.

Tuingie sasa ndani ya jengo.

Kituo cha zamani hakikuwa kibaya. Kilijengwa kwa magari ya wakati wake. Gari la leo lenye tangi la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji, maana lita moja ya maji ni kilo moja, na ukiongeza gari lenyewe, pampu na vifaa unavuka tani 20. Sakafu iliyomwagwa miaka ya 1940 kwa gari la tani chache haikuhesabiwa mzigo huo. Nyufa ulizoziona ukutani huenda zinaanzia chini. Waambie wamwite mhandisi wa majengo apime sakafu kwanza, na kama chini yake kuna shimo la mafundi au mtaro uliofunikwa, gari litolewe juu yake hata kabla ya mradi kuanza. Hili la mwisho halingoji bajeti.

Mlango uwe na upana na urefu wa mita 4 na ushee, kila gari na mlango wake. Ninapendelea milango inayokunjuka kwa pembeni kuliko ile ya kujiviringisha juu: inafunguka upesi, na dereva anaona kwa jicho kwamba imefunguka yote. Ile ya juu huwa dereva anaondoka ikiwa nusu, akang'oa king'ora na mlango pamoja. Kama kiwanja kinaruhusu, banda liwe na milango mbele na nyuma, gari likirudi liingie kwa nyuma, likitoka litoke kwa mbele. Kurudi kinyumenyume barabarani katikati ya bodaboda ni njia rahisi ya kuua mtu bila moto wowote. Na mbele ya banda paachwe uwanja wa kutosha gari zima kusimama kabla ya kugusa barabara, uzungushiwe mstari mwekundu, na askari wa kaunti wawe tayari kuwaondoa wachuuzi kila siku, si siku ya uzinduzi tu.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye picha za wasanifu halionekani kamwe. Ukiingia kituo cha zamani chochote, tazama ukuta ulio nyuma ya gari, kwenye usawa wa bomba la moshi. Utaona doa jeusi lililopanda kama ulimi hadi darini. Nguo za kazi zimetundikwa misumarini hapo hapo, pembeni ya doa, jaketi bado lina masizi ya moto wa wiki iliyopita, na ukilishika vidole vinatoka na mafuta meusi yenye harufu ya plastiki iliyoungua. Mlango wa bweni uko hatua chache, uko wazi kwa ajili ya joto. Jiko liko upande wa pili. Mtu anaamka, anapita kati ya magari yaliyowashwa, anachemsha chai, anavaa jaketi lile lile. Hivyo miaka 20.

Shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani mwaka 2012. Mwaka 2022 likaiweka kazi yenyewe ya kuzima moto kwenye kundi hilo hilo. Sumu haiko kwenye moto peke yake. Inarudi nyumbani na nguo. Kwa sababu hiyo kituo kinachoitwa cha kisasa leo hutambulika kwa mpangilio wake zaidi ya vioo. Upande mmoja ni banda na mahali pa kuoshea: mtu anarudi, anavua nje, nguo zinaingia kwenye mashine yake maalumu, anaoga. Katikati ni njia yenye milango miwili. Upande wa pili ni jiko, bweni na darasa, na masizi hayavuki. Nguo zina chumba chake chenye hewa, mbali na bomba la moshi na mbali na jua, kwa kuwa jua pia hula kitambaa cha kinga. Bomba la moshi la gari linaunganishwa na mrija unaotoa hewa nje na kujichomoa gari linapoondoka. Kama mrija huo ni ghali, angalau banda liwe wazi juu kwa upepo kupita. Pwani upepo tunao bure.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji ghorofa tatu. Karibu vyote vinafanyika vizuri zaidi kwenye jengo la chini. Lile nguzo la kuteleza ambalo watoto hulipenda lilibuniwa Chicago mwaka 1878 na David Kenyon, kapteni wa kikosi cha 21 kilichokuwa cha wazima moto weusi, kwa sababu watu walilala juu na farasi chini. Limevunja vifundo vya miguu vingi tangu hapo, na miji mingi imekuwa ikiliondoa. Ukilaza watu chini, karibu na gari, shida yenyewe haipo. Mnara je? Zamani ulikuwa wa kuning'iniza mipira ya pamba ikauke isioze. Mipira ya sasa haiuhitaji sana. Ila usiukatae, maana mnara wenye ngazi na madirisha ni mahali pa mazoezi. Mzima moto asiyefanya mazoezi ya kupanda anajifunzia kwenye jengo la mtu.

Wanawake pia wamo kazini sasa. Kituo chenye bweni moja na bafu moja kinawaambia wasiombe kazi, hata kama tangazo la gazetini linasema waombe.

Kuhusu uimara, nitakupa kisa kimoja. Asubuhi ya tetemeko la San Francisco, Aprili 1906, mkuu wa zimamoto wa mji, Dennis Sullivan, alikuwa amelala katika kituo chake. Sehemu ya juu ya hoteli jirani iliporomoka ikapasua paa la kituo. Alifariki siku chache baadaye, na mji ukaungua siku tatu bila mkuu wake, mabomba ya maji yakiwa yamepasuka chini ya ardhi. Hadi leo wapiga kura wa mji huo huidhinisha mikopo mikubwa ya kuimarisha vituo na maji ya zimamoto. Mwaka 2010 dola milioni 412, mwaka 2014 milioni 400, mwaka 2020 milioni 628.5. Sisi tetemeko si tatizo letu la kila siku. Letu ni mafuriko. Masika ya 2024 yaliacha mitaa mizima ya nchi hii chini ya maji, na kikosi cha zimamoto ndicho kinachoitwa kuokoa watu. Kiwanja kinachopatikana kwa bei rahisi mara nyingi kiko bondeni. Waulize wazee hao hao wanaolinda historia maji yalifika wapi miaka ya mvua kubwa. Wanakumbuka vizuri kuliko ramani. Kituo pia kiwe na jenereta, tangi lake la chini ya ardhi, na redio inayofanya kazi mtandao wa simu ukizima.

Sasa hoja ya vijana, ambayo naiheshimu kuliko wanavyodhani. Ni kweli gari ndilo linalokwenda motoni. Lakini gari la zimamoto linalolala nje kwenye chumvi ya pwani linazeeka upesi: mipira inapasuka kwa jua, vali zinashika kutu, betri inakufa, na siku ya siku linasukumwa. Ukinunua mengine mawili na kuyalaza nje, umenunua chuma chakavu cha miaka michache ijayo. Banda ni sehemu ya gari.

Na hata gari jipya linaisha maji. Mpira mmoja wa kawaida hutumia lita 400 hadi 500 kwa dakika. Ukifungua miwili, lita 10,000 zinakwisha baada ya dakika 11 hivi. Baada ya hapo gari linageuza kwenda kutafuta maji, na hapo ndipo umati huanza kurusha mawe ukidhani limekuja tupu. Mawe hayo yangepaswa kurushwa kwa ramani ya mabomba. Kama kuna pesa ambazo ningezihamisha kutoka kwenye vioo, ningezipeleka kwenye bomba za zimamoto za barabarani: zihesabiwe, zifukuliwe chini ya lami na vibanda, zipimwe shinikizo, zipakwe rangi. Sokoni liwekwe tangi la maji la kudumu. Vijana wakitaka kazi ya maana kabla ya kikao, waende mtaa kwa mtaa na simu zao, wapige picha kila bomba la zimamoto na kuandika kama lina maji. Hakuna atakayebisha orodha kama hiyo.

Wazee nao wana haki, ila si ya kuzuia. Jengo la zamani linaweza kubaki bila kubaki kituo kikuu. London ilifunga vituo 10 kwa mpigo Januari 2014, kikiwemo cha Clerkenwell kilichofunguliwa mwaka 1872, na wakazi walilia juu ya dakika walizopoteza, si juu ya matofali tu. Kwenu inawezekana kupata vyote viwili: kile kituo kidogo cha gari moja nilichokitaja kikae humo humo, kama sakafu itapimwa na kuthibitishwa, na gari liwe lile dogo linaloingia mlangoni. Kama jengo lina umri na sura ya kuhifadhiwa, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inatoa njia ya kulitangaza, na hilo litasaidia pia kumzuia mnyakuzi.

Jambo la mwisho ndilo linaloua vituo vipya kimyakimya, nalo ni mishahara. Chini ya Katiba ya 2010, zimamoto ni kazi ya kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti itumie angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na kanuni zake za 2015 zinafunga mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Jengo linahesabiwa maendeleo. Mzima moto anahesabiwa mshahara. Ndiyo sababu kaunti iko radhi kujenga ghorofa tatu ikashindwa kuajiri watu wanane, na mwanasiasa naye hawezi kukata utepe wa mshahara. Fanya hesabu nyingine nao: wiki ina saa 168, mtu mmoja hufanya kazi kama saa 40, kwa hiyo nafasi moja isiyoachwa wazi usiku na mchana inataka watu wanne na kidogo, na ukiweka likizo na ugonjwa ni watano. Gari linataka watu wanne. Basi gari moja ni watu 20. Magari matatu ni 60. Uliza wapo wangapi leo na bajeti ya mwaka ujao ina wangapi. Kama jibu ni 15, jengo la magari matatu litakuwa na magari mawili ya maonyesho.

Uliza pia magari yatalala wapi wakati wa ujenzi. Wakandarasi hupenda kubomoa kwanza kwa sababu kubomoa huonekana, kisha malipo yanachelewa, na mji unakaa miaka miwili na banda la mabati. Kituo kipya kiwe kwenye kiwanja kipya, kikabidhiwe, simu zihamishwe, zamu zianze, ndipo cha zamani kiguswe.

Maoni yenu yaandikeni, msiyaseme kwa mdomo peke yake. Peleka nakala kwa idara na nyingine kwa karani wa bunge la kaunti, na usirudi bila kugongewa muhuri wa kupokelewa. Angalieni na kalenda: mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, baada ya hapo mnajadili kitu kilichokwisha kupangwa. Kama hawajakuonyesha upimaji wa udongo, hatimiliki, ramani ya dakika za safari na idadi ya watumishi, ziombe kwa barua ukitaja kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 za kukujibu. Ramani ya dakika wakisema hawana, muombe mkuu wa kituo mpande naye gari Ijumaa jioni, bila king'ora, mkiwa na saa mkononi, kutoka getini hadi sokoni, kisha hadi mtaa wa mbali kuliko yote, na hizo dakika ndizo uziandike kwenye ukurasa wa kwanza.